Chama na Sifa ya Kutunza Mazingira: Jinsi ya Kuitangaza katika Mitandao ya Kijamii

Zamani mnunuzi wa mbali alikijua chama cha msingi kwa njia mbili tu: kwa kahawa iliyokuwamo guniani na kwa barua ya katibu. Siku hizi imeongezeka njia ya tatu. Mchomaji kahawa aliyeko Hamburg au Trieste, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa kuulizia bei, huweza kutoa simu mfukoni na kulitafuta jina la chama katika Facebook au Instagram. Huko hutazama picha, husoma maneno yaliyoandikwa chini yake, na husoma pia yale ambayo watu wengine wameyajibu. Asipokuta kitu hupita. Akikuta maneno makubwa yasiyo na ushahidi hupita vilevile, na safari hii hupita akiwa na shaka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa kahawa iliyomo kikombeni, kwa sababu kikombe hakidanganyi mwonjaji. Lakini usafi wa mto hauonjwi kikombeni, wala kivuli cha miti iliyoachwa shambani hakionekani katika punje. Kwa hiyo chama kinachotunza mazingira hakina budi kusema. La sivyo gharama iliyobebwa na wanachama wake haitajulikana na mtu yeyote aliye nje ya kijiji. Shida imo katika namna ya kusema.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si geni kwa ushirika. Mwaka 1995, katika mkutano wa Manchester, Muungano wa Kimataifa wa Ushirika uliongeza kanuni ya saba, inayovitaka vyama vishughulikie maendeleo endelevu ya jumuiya zao kwa sera zinazoidhinishwa na wanachama. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Sifa ya mazingira ni mali ya wanachama wote kama ilivyo akiba ya chama, na hakuna katibu wala kijana wake mwenye simu anayeweza kuitumia apendavyo.

KAZI KWANZA, PICHA BAADAYE

Kabla ya kufikiria la kutangaza, chama kijiulize kina nini. Kwa vyama vya kahawa inayomenywa kwa maji, swali la kwanza ni mtambo wa kumenyea. Kahawa mbivu ikipita mashineni, ganda lake jekundu huachana na punje, na punje hubaki na utelezi wenye sukari nyingi. Ganda na utelezi ule vikichukuliwa na maji hadi mtoni, vijidudu huanza kuila sukari, na katika kula huko huitumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi. Maji huwa makali kama siki, hubadilika rangi na kunuka, na wanaoteka chini ya mtambo hulazimika kupanda mlima kutafuta maji mengine. Hasara hiyo haiandikwi katika vitabu vya chama, lakini majirani wa mto wameiandika vichwani mwao, na baadhi yao leo wana simu zenye kamera.

Tiba zake zinajulikana: kuyazungusha maji ya kumenyea yatumike mara ya pili na ya tatu, kutumia mashine inayosugua utelezi kwa maji kidogo, kuchimba mashimo ya kupokea maji machafu mbali na mto, kutia chokaa kupunguza ukali, na kuyarundika maganda yaive yawe mboji ya kurudishwa shambani. Hakuna hata moja katika hayo inayopendeza pichani kama mche mbichi mkononi mwa mgeni wa heshima. Hata hivyo mnunuzi anayeijua kahawa atavutiwa na shimo la maji machafu lililochimbwa vizuri kuliko na miche mia. Hili makatibu wengi hawaliamini mpaka waelezwe.

Kadhalika chama kisidharau kilicho cha zamani. Shamba la kihamba la Kilimanjaro, lenye migomba, kahawa na miti mirefu ya kivuli, ni utaratibu wa kale kuliko chama chenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huo, kwa mfano wa Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Mwanachama ambaye hakuukata mti wa babu yake ili auze mbao ameacha fedha ambazo angezipata. Huyo naye anastahili kutajwa, ijapokuwa hakuna sherehe ya kutokukata mti.

Yapo, kwa upande mwingine, mambo yasiyostahili kuitwa juhudi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zenye kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Chama kinachojisifu kwamba hakilimi ukingoni na hakitumii mifuko hiyo kinajisifu kwa kutokuvunja sheria. Mtu hajitangazi sokoni kwamba hakuiba.

MAKAMPUNI YALIYONASWA NA MANENO YAO

Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika juu ya mahoteli yaliyowaomba wageni watumie taulo zao zaidi ya mara moja ili kuokoa mazingira, huku mahoteli yenyewe yakiendelea kuharibu kwa njia nyingine na kupata faida kwa kupunguza ufuaji. Tabia hiyo akaiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa kujipaka kijani. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la kejeli tu. Sasa limekuwa kosa la kisheria katika nchi kadhaa, na mfano mmoja unatoka katika biashara ya kahawa yenyewe.

Kampuni ya Keurig huuza kahawa iliyofungwa katika vikopo vidogo vya plastiki, kila kikopo kwa kikombe kimoja. Huko Kanada iliwaambia wateja kwamba vikopo hivyo vyaweza kukusanywa na kutengenezwa upya, mradi mteja abandue kifuniko na kumwaga machicha. Ofisi ya Ushindani ya Kanada ilichunguza ikaona kwamba, nje ya majimbo ya Quebec na British Columbia, halmashauri nyingi za miji hazikuvipokea vikopo hivyo. Tena baadhi ya zilizovipokea zilitaka kazi zaidi ya ile aliyoelezwa mteja. Mwezi wa Januari mwaka 2022 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 3 za Kanada, pamoja na dola 800,000 kwa shirika la hisani la mazingira na dola 85,000 za gharama za uchunguzi. Ilitakiwa pia ibadilishe maandishi ya vifurushi vyake na kutoa matangazo ya kusahihisha katika magazeti, katika mitandao ya kijamii, na ndani ya maboksi ya mashine mpya. Miaka miwili baadaye, Septemba 2024, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliitoza kampuni hiyo dola milioni 1.5 kwa jambo lilo hilo.

Msomaji azingatie kosa lilikuwa wapi. Vikopo vile kweli viliweza kutengenezwa upya. Mashine za kufanya hivyo zipo. Uongo ulikuwa katika kunyamaza juu ya nafasi ndogo aliyokuwa nayo mteja wa kawaida ya kulitimiza jambo hilo mahali anapoishi. Chama kinachosema kwamba maganda yote ya kahawa hugeuzwa mboji, wakati wenye mkokoteni ndio pekee wanaoweza kuyachukua mtamboni, kimo katika kosa hilo hilo.

Mfano wa pili ni wa shirika la ndege la Uholanzi, KLM, ambalo ndege zake kwa miaka mingi zimetua katika Kiwanja cha Kilimanjaro. Shirika hilo liliwatangazia abiria kwamba wakilipa nyongeza kidogo kwa ajili ya kupanda miti, au kwa ajili ya mafuta mbadala, safari yao itapunguziwa madhara yake kwa hali ya hewa. Chama cha raia kiitwacho Fossielvrij kilifungua kesi, na tarehe 20 Machi 2024 Mahakama ya Wilaya ya Amsterdam ikaamua kwamba maneno 15 kati ya 19 yaliyolalamikiwa yalikuwa ya kupotosha. Hoja ya mahakama yafaa isomwe na kila katibu anayependa kuandika habari za miche: upandaji wa miti haukuwa na uhusiano wa moja kwa moja na moshi wa ndege ile aliyopanda abiria, na picha iliyochorwa ilikuwa nzuri kupita hali halisi.

Huenda msomaji akauliza: hukumu za Kanada na Uholanzi zinakihusu nini chama cha kijijini? Zinakihusu kupitia kwa mnunuzi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria namba 2024/825, iliyowekewa tarehe 27 Septemba 2026 kuwa siku ya kuanza kutumika katika nchi wanachama. Inakataza mfanyabiashara kumwambia mlaji kwamba bidhaa ni rafiki wa mazingira bila ushahidi unaotambulika, kubandika nembo ya mazingira aliyojitungia mwenyewe, na kudai kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa sababu tu amelipia miti mahali pengine. Mchomaji wa Hamburg aliyezoea kuyachukua maneno ya ukurasa wa chama na kuyachapa katika pakiti yake ndiye atakayeshtakiwa. Kwa sababu hiyo atakiuliza chama ushahidi, na asipoupata atanunua kwa jirani.

Kadhalika sheria ya Umoja huo namba 2023/1115 ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inaitaja kahawa kwa jina. Kahawa itakayoingia huko sharti isitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na lazima mahali pa shamba pajulikane kwa vipimo vya ramani. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 yatosha nukta moja, na mashamba mengi ya wakulima wadogo yamo katika kundi hilo. Chama kikiandika mtandaoni kwamba wanachama wake hawakati misitu, kiwe na orodha ya nukta hizo ofisini.

DAFTARI LA MAJI

Njia nyepesi ya kupata la kusema ni kupima. Tuchukue chama cha mfano, chenye mtambo mmoja. Katibu anafungua daftari la kawaida na kulipiga mistari: tarehe, kilo za kahawa mbivu zilizopokelewa, na mapipa ya maji yaliyotumika, kila pipa lita 200. Kilo tayari zimo katika stakabadhi za mapokezi, hivyo kazi mpya ni kuhesabu mapipa tu. Tuseme msimu wa kwanza inaonekana kila tani moja ya kahawa mbivu imetumia mapipa 40, yaani lita 8,000. Kamati inaamua kuyazungusha maji. Msimu wa pili kila tani inatumia mapipa 15, yaani lita 3,000. Kama mtambo ulipokea tani 60, chama kimeacha mtoni lita 300,000 ambazo kingezichota. Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Sasa katibu aandike nini? Wengi wangeandika hivi: "Chama chetu ni rafiki mkubwa wa mazingira. Kahawa yetu ni ya kijani kwa asilimia mia moja!" Maneno hayo yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mtambo. Heri aandike: "Msimu huu tumetumia lita 3,000 za maji kwa kila tani ya kahawa mbivu, msimu uliopita zilikuwa lita 8,000. Maji sasa huzungushwa kabla ya kumwagwa shimoni. Harufu ya mashimo wakati wa mvua bado hatujaimaliza."

Sentensi ile ya mwisho huwatia hofu wajumbe wa kamati. Hudhani kuwa ni kujichongea. Kwa kweli ndiyo inayomfanya msomaji aziamini zile zilizotangulia. Kampuni ya nguo ya Patagonia ya Marekani ilifika mbali zaidi mwaka 2011: ilitoa tangazo katika gazeti la New York Times lililowasihi watu wasiinunue koti lake, likieleza kwamba koti hilo moja hugharimu lita 135 za maji kulitengeneza. Chama hakihitaji kwenda umbali huo, wala haishauriwi kuwaambia watu wasinunue kahawa. Yatosha kutaja lililobaki.

Miche ihesabiwe kwa namna hiyo hiyo. Idadi ya miche iliyogawiwa ni habari ya siku moja. Idadi ya miti iliyo hai baada ya ukame wa pili ndiyo habari ya chama. Tuseme miche 5,000 iligawiwa na baada ya ukame huo imebaki 3,100. Iandikwe 3,100, na sababu ya kufa kwa mingine itajwe: mbuzi, jua, au aina isiyofaa mahali pale. Vyama vingine vitajifunza kitu. Picha ya mti ipigwe mahali pale pale kila mwaka, na chini yake ziandikwe tarehe na jina la kitongoji. Picha isiyo na tarehe haina thamani kubwa kuliko stakabadhi isiyo na tarehe, na kila katibu anajua mkaguzi husema nini juu ya hiyo.

Takwimu hizi zisomwe kwanza katika mkutano mkuu wa mwaka, au angalau mbele ya kamati, na ziingizwe katika kumbukumbu kabla ya kutangazwa. Wanachama ndio wanaoujua mto. Tarakimu ya uongo itakamatwa pale mkutanoni na mama anayeteka maji, kabla haijakamatwa na mgeni.

UKURASA NI MALI YA CHAMA

Hapa pana mambo ya kiofisi ambayo, kwa kuwa yanaonekana madogo, yaweza kukigharimu chama sana. Ukurasa wa chama usifunguliwe kwa namba ya simu ya katibu wala ya mtoto wa mwenyekiti. Ufunguliwe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la chama, na neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha iwekwe katika kasha la fedha. Mtumishi anapoondoka, ukurasa ukabidhiwe kwa maandishi kama vinavyokabidhiwa mizani na vitabu, na neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo. Fedha za vifurushi vya intaneti ziwe katika makisio na zitolewe kwa hati ya malipo. Asiyefanya hivyo asishangae siku ambapo katibu wa zamani anaandika kwa jina la chama akiwa mjini, na hakuna wa kumzuia.

Picha za watu zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe na kutumiwa kwa sababu halali na iliyo wazi. Mwanachama aulizwe kabla picha yake haijatangazwa, na ridhaa yake iwekwe katika jalada. Watoto wasipigwe picha wakichuma kahawa, hata kama wamemfuata mama shambani siku ya mapumziko. Mnunuzi wa mbali hatajua kwamba ilikuwa siku ya mapumziko. Ataona mtoto kazini, na picha ya kusifu kivuli cha miti itakuwa ushahidi wa shtaka jingine kabisa.

Lugha ya kwanza ya ukurasa iwe Kiswahili. Mnunuzi atapata mfasiri, au chama kitaongeza maneno machache ya Kiingereza chini. Lakini mwanachama asiyeweza kusoma yanayosemwa kwa jina lake hawezi kuyasahihisha. Kwa chama kisicho na uwezo wa kuendesha ukurasa, kundi la WhatsApp la wanachama na majirani wa mto, likipewa tarakimu za daftari mara moja kwa mwezi katika msimu, latosha kwa kuanzia. Tena habari iliyosomwa na kukubaliwa humo hupelekwa kwa mnunuzi kwa urahisi.

Mwisho ni malalamiko. Mtu wa bonde la chini ataandika siku moja kwamba maji yananuka, pengine kwa maneno makali. Wengi hufuta maneno hayo upesi, na aliyeyaandika, akiwa ameyapiga picha kabla ya kufutwa, huyatangaza upya pamoja na habari ya kufutwa kwake. Yaachwe. Katibu ajibu siku hiyo kwamba yameonekana na kwamba kamati itakwenda kutazama; kisha kamati iende kweli, na matokeo yaandikwe pale pale yalipoandikwa malalamiko. Ikionekana shimo limefurika, isemwe limefurika tarehe fulani, mtambo umesimamishwa kwa saa kadhaa, na ukuta umeinuliwa kiasi fulani. Nakala ya jibu itiwe katika jalada la mtambo pamoja na jina la mjumbe aliyekwenda kutazama, ili mkaguzi atakapokuja na mnunuzi atakapouliza wapewe karatasi moja.